Leseni ya Nzwani, Dau la Manzese

Chukua simu ya kijana yeyote anayebeti. Fungua moja ya zile tovuti za kindege ambazo hazina tangazo redioni wala jezi uwanjani, zile zinazosambazwa kwa viungo vya Telegram. Teremka chini kabisa, pita nembo za kadi na za sarafu za kidijitali, pita alama ya 18+, hadi ufike kwenye maandishi ya kijivu yaliyopunguzwa mpaka yanaumiza macho. Hapo ndipo kampuni inapojitambulisha. Zamani ungekuta Curaçao, kisiwa cha Karibi. Siku hizi, mara nyingi, utakuta Anjouan.

Ndiyo, Nzwani, kisiwa cha Komoro. Kisiwa cha karafuu na mlangilangi, ambako koo kadhaa za Unguja na Mombasa zina ndugu hadi leo. Kisiwa cha watu wa swala tano, ambako ukimwambia mzee wa Mutsamudu kwamba jina la nchi yake ndilo linalopamba makasino ya dunia, ataomba urudie ulichosema.

Leseni hizo hujinadi kwamba msingi wake ni sheria ya mwaka 2005, ya enzi ambazo kisiwa kiliongozwa na Kanali Mohamed Bacar. Huyo ndiye ambaye majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo wanajeshi wetu wa Tanzania, walishuka kumwondoa Machi 2008. Benki Kuu ya Komoro nayo imeshaonya zaidi ya mara moja kwamba leseni za benki za nje zinazotolewa kwa jina la Nzwani na Mwali haizitambui, kwa sababu mwenye mamlaka ya kutoa leseni za benki nchini humo ni yenyewe peke yake. Sasa jiulize: kijana wa Manzese akishinda milioni mbili halafu akaunti yake ikafungwa kwa "uhakiki" usioisha, aende kumshtaki nani, mahakama gani, kwa Kifaransa au kwa Kishikomori?

Kampuni za kamari za mtandaoni zimekuwa zikihama nchi hadi nchi kwa karibu miaka 30 sasa, na kila zinapohama tunaambiwa kwamba zimekimbia hatari ya kisheria. Mimi naona hatari haikimbiwi. Hubebeshwa mtu mwingine, na historia yote ya biashara hii inaonyesha nani huishia kuibeba.

Tuanze Antigua, kisiwa cha Karibi, maana huko ndiko mtindo huu ulikopata umbo lake. Mwaka 1996 Jay Cohen, kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye soko la hisa la San Francisco, aliacha kazi na kuelekea kisiwani humo pamoja na wenzake kuanzisha World Sports Exchange. Antigua ilikuwa imeshafungua mlango wa biashara hiyo. Unalipa ada, unapewa leseni, unapanga kompyuta zako, unapokea madau ya Wamarekani wanaotaka kubeti mpira wao. Cohen hakujificha. Alihojiwa na magazeti, akaeleza kila mahali kwamba shughuli yake ni halali kwa sababu dau linapokelewa Antigua, na Antigua inaruhusu.

Machi 1998 waendesha mashtaka wa Manhattan wakawafungulia kesi yeye na wenzake zaidi ya kumi wa kampuni mbalimbali. Sheria waliyoitumia ilikuwa ya mwaka 1961, iliyotungwa kuwabana majambazi waliokuwa wakipokea madau kwa simu. Wengi wa washtakiwa waliokuwa visiwani walibaki visiwani. Cohen alipanda ndege akarudi nyumbani kujitetea, akiamini hoja yake ni safi. Februari 2000 akatiwa hatiani, akahukumiwa miezi 21, na rufaa yake ikagonga mwamba. Mahakama haikujali kompyuta iko wapi. Ilimtazama mtu aliyeketi New York na simu mkononi akiweka dau. Kifungo chenyewe alikitumikia katika kambi ya gereza pembezoni mwa Las Vegas, jiji ambalo mtu mzima anaweza kucheza kamari saa 24 bila kuulizwa. Nimelitafakari hilo mara nyingi na bado sijui nicheke au ninyamaze.

Wenzake waliobaki Antigua waliendelea na biashara kwa zaidi ya muongo mmoja, huru lakini bila uwezo wa kurudi kwao. Mwaka 2013 kampuni ikafunga milango, na wateja wakabaki na salio ambalo hakuna aliyewalipa. Leseni ilikuwapo na msimamizi wa leseni alikuwapo. Fedha ndizo hazikuwapo.

Antigua yenyewe haikukaa kimya. Mwaka 2003 nchi hiyo ndogo, isiyofikia watu laki moja, iliipeleka Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani ikilalamika kwamba inaizuia kuuza huduma huku yenyewe ikiruhusu watu wake kubeti farasi kwa mtandao. Ikashinda. Ikadai fidia ya dola bilioni 3.44 kwa mwaka, waamuzi wakaipa dola milioni 21, tena si kwa fedha taslimu. Ilipewa ruhusa ya kutoheshimu hakimiliki za Wamarekani hadi kiwango hicho. Ushindi wa kwenye karatasi. Ajira za vijana waliokuwa wakipokea simu za madau zilikuwa zimekwisha kupukutika siku nyingi.

Hapa inafaa kutenganisha wahamaji wa aina mbili, maana huchanganywa. Wapo wanaokimbia jela na wapo wanaokimbia kodi. Victor Chandler, mpokea madau mashuhuri wa Uingereza, alihamia Gibraltar mwaka 1999 kwa sababu ya kodi ya dau. Waziri wa Fedha Gordon Brown alimjibu kwa kuifuta kodi hiyo mwaka 2001, wakubwa wakaahidi kubaki, halafu mwaka 2009 William Hill na Ladbrokes wakahamishia biashara zao za mtandaoni hukohuko Gibraltar. London ilichukua miaka kadhaa kupata jibu lililofanya kazi. Tangu Desemba 2014 kodi inafuata alipo mteja: ukimchezesha mtu aliyeko Leeds, utalipa asilimia 15 hata kama ofisi yako iko mwezini. Kiwango kimepanda tangu hapo, na kampuni bado zipo, kwa sababu soko la Uingereza ni nono mno kuachwa.

Marekani ilichagua njia nyingine, na nadhani ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwetu. Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyokuwa imepachikwa kwenye muswada wa usalama wa bandari. Sheria hiyo haikumgusa mchezaji, wala haikuhangaika sana na kisiwa. Iligusa malipo. Benki na kampuni za kupitisha fedha zikaambiwa zisipeleke pesa kwenye kamari haramu ya mtandaoni. PartyGaming, kampuni ya Gibraltar iliyokuwa imeorodheshwa London mwaka mmoja kabla kwa thamani iliyoipita British Airways, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani ya hisa zake kwa siku moja tu, mara Bunge la Marekani lilipopitisha muswada huo. Haikuvamiwa na askari hata mmoja. Mfereji ulizibwa, basi.

Miezi mitatu kabla, mkurugenzi wa BetonSports, David Carruthers, alikamatwa uwanja wa ndege wa Dallas akibadilisha ndege kutoka Uingereza kwenda Costa Rica yalikokuwa makao ya kampuni. Miezi mitatu baada ya sheria, waanzilishi wa Neteller, kampuni ya kupitisha malipo iliyosajiliwa Kisiwa cha Man, nao wakakamatwa. Fedha za wateja wa Kimarekani waliokuwa na akaunti Neteller zilikwama hadi Julai 2007. Wateja hao hawakushtakiwa kwa lolote. Walikosa tu pesa zao kwa nusu mwaka, na wao walikuwa na bahati.

Kwa sababu kuna Full Tilt. Aprili 15, 2011, siku ambayo wacheza poka, mchezo wa karata za dau, bado wanaiita Ijumaa Nyeusi, serikali ya Marekani ilizishika tovuti za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker na kuzifungulia mashtaka, yakiwemo ya kuzidanganya benki ili zipitishe malipo. PokerStars ilirudisha fedha za wateja wake wa Marekani kwa haraka, maana ilikuwa imezitenga. Full Tilt haikuwa nazo. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, mwishoni mwa Machi 2011 ilidaiwa na wachezaji duniani kote kiasi cha dola milioni 390, na benki ilikuwa na takriban milioni 60. Wakuu wake walikuwa wamegawana mamilioni. Leseni yake ilitoka Alderney, kisiwa cha watu wapatao 2,000 katika Mfereji wa Uingereza, na msimamizi wake aliisimamisha leseni hiyo mwishoni mwa Juni, moshi ukiwa umeshatanda kila mahali. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa Februari 2014, tena kwa fedha ambazo mshindani wa Full Tilt, PokerStars, alizitoa kwa serikali katika makubaliano ya dola milioni 731.

Miaka mingi wacheza poka waliambiana kwamba Alderney ni leseni ya heshima, si kama zile za Karibi. Labda ilikuwa hivyo kweli. Lakini msimamizi wa kisiwa anaishi kwa ada za anaowasimamia, na akibana sana wanahamia kisiwa jirani. Sitarajii bidii kubwa kutoka kwa mlinzi anayelipwa na mwizi.

PokerStars yenyewe siku hizi iko chini ya Flutter, ambayo hisa zake zinauzwa New York bila aibu. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kufungua mlango wa kubeti michezo mwaka 2018, jimbo moja baada ya jingine likaruhusu, na waliokuwa wakisakwa wakawa walipa kodi wa kutajwa bungeni. Aliyekuwa na mtaji wa kungoja alingoja. Cohen alikaa jela.

Turudi kwetu, tuseme Kenya, kwa sababu huko ndiko mvutano ulikowahi kuwa mkali zaidi katika ukanda huu.

Wengi wetu tunakumbuka Julai 2017, Everton walipotua Dar es Salaam na Wayne Rooney kufunga bao dhidi ya Gor Mahia pale Uwanja wa Taifa. Ziara ile ilikuwa ya SportPesa, iliyokuwa kwenye jezi za Everton, na nyumbani ikidhamini Gor Mahia, na huku kwetu Simba na Yanga. Januari 2018, kodi ya mapato ya kamari ilipopandishwa Kenya hadi asilimia 35, kampuni hiyo ilifuta udhamini wa vilabu vya Kenya. Jezi za Everton hazikuguswa. Ukitaka kujua kampuni ina makazi wapi moyoni mwake, usisome cheti cha usajili, angalia inakata wapi kwanza.

Kodi ile ilishushwa baadaye, ikaja vita nyingine ya kodi ya ushindi, na mwaka 2019 mambo yakalipuka. Mwezi Mei, Waziri wa Mambo ya Ndani Fred Matiang'i aliamuru wakurugenzi 17 wa kigeni wa kampuni za kubeti wafukuzwe nchini. Julai, leseni za kampuni 27 hazikuhuishwa, na Safaricom ikaagizwa kufunga nambari zao za malipo za M-Pesa, zile Wakenya wanazoziita paybill. Septemba, SportPesa na Betin, vigogo wawili wa soko, zikatangaza kuondoka baada ya Bunge kupitisha ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mamia ya wafanyakazi wakapewa barua.

Kati ya hatua hizo, ile ya paybill ndiyo iliyouma. Kufukuza wakurugenzi kulipigiwa makofi, lakini mkurugenzi anaweza kuendesha kampuni akiwa Sofia, Bulgaria, au London kwa simu tu. Seva inaweza kukaa popote. Kisichoweza kuhama ni mteja wa Kisumu mwenye shilingi hamsini kwenye M-Pesa. Pesa yake lazima ivuke daraja moja linalomilikiwa na kampuni moja iliyo chini ya serikali moja. Wamarekani walilazimika kuzibana benki na wapitisha fedha wa kila aina ili kufika hapo. Nairobi iliandika barua moja.

Tatizo ni kwamba nguvu hiyo ilitumika kudai kodi. Mchezaji hakuwa sehemu ya mazungumzo. Nani aliuliza salio za wateja zimehifadhiwa wapi, kwenye akaunti ya nani, na zinatosha kulipa wote wakitaka kutoa siku moja? Ushuru wa asilimia 20 ulifutwa katikati ya 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapandishwa tena na tena hadi mwaka 2025 ulipogeuzwa kuwa asilimia 5 ya fedha zinazowekwa. Kila bajeti ina hesabu yake. Na kila ushuru wa juu ya dau unapozidi, mchezaji mzoefu anafanya hesabu ya mtu mzima: tovuti yenye leseni inanikata, ile ya Telegram hainikati kitu. Huyo hahitaji kuhama nchi. Anahama kwa kidole.

Sheria mpya ya Kenya ya kudhibiti kamari, iliyosainiwa Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, inataka sehemu ya umiliki, asilimia 30, iwe ya Wakenya. Sioni ubaya, ila nahofia tutapata kizazi kipya cha wenye hisa wa jina, wajomba wa wakubwa wanaosaini bila kusoma. Kwa maoni yangu ilitosha kwanza kudai kwamba fedha za wateja zikae benki ya ndani, zimetengwa, zikaguliwe kila mwezi. Hilo tu lingewaokoa wale wa Full Tilt.

Ziko nchi ambazo zimechagua kukaa upande wa pili wa meza. Malta, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ilipitisha Juni 2023 kifungu kinachoziagiza mahakama zake zikatae kutekeleza hukumu za nje dhidi ya kampuni zenye leseni yake. Wachezaji wa Austria na Ujerumani walikuwa wakishinda kesi nyumbani kwao na kuamriwa warudishiwe walichopoteza. Wakifika Malta kukazia hukumu, wanakuta mlango umefungwa kwa sheria. Angalau Malta imesema wazi inamlinda nani.

Na kuna waliojaribu upande huo wakajuta. Ufilipino ilizipa nafasi kampuni zinazochezesha Wachina kutoka Manila, kwa kuwa China inapiga marufuku kamari. Zilikuja na kodi kwa serikali na kupandisha pango la majengo, kisha zikaja na mateka. Machi 2024 polisi walivamia eneo la Bamban wakakuta mamia ya watu, wengine wakishikiliwa wafanye utapeli wa mtandaoni, na Julai mwaka huo Rais Marcos akatangaza kuzifunga zote. Kambodia ilikuwa imeshafanya hivyo 2019. Majengo yaliyojengwa kwa kamari katika ukanda huo ndiyo mengi yaliyogeuka kambi za utapeli, na kutoka kambi za Myanmar vijana wa Kenya na Uganda wamekuwa wakirudishwa makwao, wakiwa wameahidiwa kazi za ofisini Thailand. Hivyo hata sisi tusio na bandari ya leseni tumeshalipa sehemu ya gharama.

Narudi kwenye daraja la pesa, kwa sababu linabomoka wakati tunalijadili. Tovuti za nje haziombi tena namba ya kampuni kwenye mitandao ya simu. Zinatumia sarafu za kidijitali zinazofuata bei ya dola, na kwa asiyezijua hizo, zinatumia wakala. Sisemi wakala mwenye bango na kiti cha plastiki. Nasema yule kijana mwenye kundi la WhatsApp: unamtumia elfu kumi kwenye laini yake ya kawaida, yeye anakuwekea salio kwenye tovuti, na ukishinda anakutumia kutoka laini hiyohiyo. Kampuni inampa asilimia yake. Vijana wanaobeti wana mazoea ya kusema "nimempiga mhindi" wakishinda, ingawa mwenye duka huenda hajawahi kuiona India. Kwenye mpango huu hata mhindi wa kufikirika hayupo, yupo jirani yao.

Kijana huyu anajiona amepata ajira. Hajui kwamba ndiye aliyepokea ile hatari iliyotoka San Francisco ikapita Antigua, Curaçao na Nzwani. Huku kwetu, kuendesha mchezo wa kubahatisha bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa. Kampuni haina ofisi hapa, mkurugenzi hajulikani, seva iko ng'ambo. Laini ya simu iliyopokea madau imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na taarifa ya miamala ya miezi sita inachapishwa kwa ombi moja la polisi. Siku kesi ya namna hiyo ikifika Kisutu, kizimbani atasimama yeye, na wateja wake hamsini wa kundi la WhatsApp watakuwa nje ya mahakama wakimdai salio lao.